Mhariri, majengo tunayo, wa kufungua mlango ndo hatuna

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote wanaotuandalia gazeti. Nimesoma ile makala yenu ya juzi kuhusu ofisi za kushea, zile sehemu mtu anakuja na laptopu yake anapata meza, umeme, intaneti na watu wa kukaa nao, mkasema sasa hivi zinatoka miji mikubwa zinaingia miji midogo mpaka vijijini, na mkaweka picha nzuri ya ukumbi wenye viti vya rangi rangi. Makala sina ugomvi nayo. Ila nimeirudia mara mbili, mmeandika jengo, mmeandika kasi ya intaneti, mmemshukuru mfadhili, na sikuona hata mstari mmoja unaosema huo mlango asubuhi unafunguliwa na nani. Hapo ndo nimeshika simu nikaanza kuandika, kwahiyo mnisamehe kama maneno yamerukaruka.

Mi nimefanyia kazi sehemu mbili za namna hiyo, zote mji mdogo. Ya kwanza ilikuwa jengo jipya kabisa, waliolijenga siwataji, utepe ulikatwa, hotuba zikatolewa, kompyuta zikapangwa mstari mmoja zikiwa bado zina yale manailoni yake. Funguo akapewa karani wa ofisi nyingine kabisa, akaambiwa na hii nayo utaiangalia. Yani kazi yake ilikuwa ileile ya zamani, mshahara uleule, funguo ndo zimeongezeka mfukoni. Ukienda saa mbili asubuhi unakuta kufuli, unapiga simu, nipo njiani. Mwezi wa tatu paswedi ya waifai ikabadilishwa, aliyebadilisha akahamishwa kikazi, na hakuna mtu mwingine aliyeijua. Sa sisi tunafanyaje, tukawa tunakaa kwenye ngazi, nje ya jengo la intaneti, tunatumia bando zetu. Nimekaa kwenye ngazi zile karibu wiki mbili nikimwambia bosi wangu kwenye simu kwamba kelele anazosikia ni za barabarani, na hapo sikudanganya.

Ya pili ilikuwa chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea. Meza hazilingani, moja inabidi uikunjie karatasi mguuni isicheze, ekstensheni mbili zimefungwa kwa selotepu, na ukutani bango limeandikwa kwa mkono USICHOMOE CHA MWENZIO. Lakini saa moja kamili asubuhi mlango uko wazi kwa sababu kuna dada mmoja anaishi na lile jambo. Dada yule ana daftari. Ukiingia siku ya kwanza unaandika jina, unafanya nini, na safu ya tatu, unatafuta nini. Hiyo safu ya tatu ndo iliyonifanya nielewe. Siku moja aliingia mzee fundi seremala kuprinti mchoro wa kabati, hajui kutumia printa wala hana haja ya kujua, na pale dirishani alikuwa amekaa kijana anayechora nyumba kwenye kompyuta kwa ajili ya watu wa mbali ambao hajawahi kuonana nao. Dada akatazama daftari lake, akamwita kijana, akamwita mzee, akarudi kukaa. Mimi nipo hapo naona. Baada ya mwezi wale wawili walikuwa wanafanya kazi pamoja, mmoja anachora mwenzie anakata mbao. Hiyo intaneti haikuifanya, hata ingekuwa ya kasi gani.

Na wala siyo jambo geni, ndo lilivyoanza hata huko mlikosema limetokea. Mwaka 2005 jamaa mmoja mtaalamu wa programu, Brad Neuberg, pale San Francisco, alichoka kukaa peke yake nyumbani na hakutaka kurudi kuajiriwa, akaomba chumba kwenye nyumba ya kikundi cha wanawake, siku mbili tu kwa wiki. Asubuhi anapanga meza za kukunja, jioni anazikunja anaziondoa. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Hata mmoja. Yeye anafungua tu, anapanga meza, anakaa, anakunja. Alafu mtu wa kwanza akaja. Ukiniuliza mi ntakwambia koworking, yani hizi ofisi za kushea, haikuanzia kwenye meza, ilianzia kwa yule mtu aliyekubali kufungua mlango mwezi mzima bila kuona mtu, na sasa tunajenga majengo ya bei mbaya tukidhani tumemuiga kumbe tumeiga meza zake.

Tena ukirudi nyuma zaidi, watu wengi wanadhani kufanya kazi mbali na ofisi maana yake ni kukaa nyumbani na nguo za kulalia. Jack Nilles, yule aliyekuwa injinia wa mambo ya anga halafu akaingia chuo kikuu kule California, ndo anatajwa kuwa baba wa hili wazo, mwaka 1973, na jaribio lake la mwanzo kabisa na kampuni ya bima halikuwa la kupeleka watu nyumbani. Lilikuwa la kuwapeleka kwenye ofisi ndogo karibu na wanakoishi ili wasihangaike na foleni kwenda mjini. Ofisi ndogo ya karibu! Yani tulichokuja kukigundua juzi baada ya korona, kwamba nyumbani kuna watoto na kelele na upweke, na mjini ni mbali, kwahiyo kunahitajika kitu cha katikati, kilishawekwa mezani zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Na vijijini napo siyo mara ya kwanza. Mwaka 1985 kijiji cha Vemdalen kule Sweden, milimani, mbali na kila kitu, walifungua nyumba ya pamoja yenye kompyuta, wakulima na wenye biashara ndogo wanakuja kujifunza na kutumia, wazo likasambaa nchi zote za kaskazini ya Ulaya. Hungary nao wakaanza yao mwaka 1994 kijiji kinaitwa Csákberény, ikasambaa mpaka ikawa mtandao mkubwa wa vijiji. Na kwetu Afrika kuna Nakaseke, Uganda, kituo kilifunguliwa mwaka 1999 kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, kilikuwa na maktaba, simu, kompyuta, na hapo kuna kitu kimoja huwa nakipenda sana kukisimulia. Walitengeneza CD kwa ajili ya wanawake wa kijijini, inaongea Kiganda, unabofya picha inakuelezea namna ya kujipatia kipato, kwahiyo hata asiyejua kusoma anakaa anasikiliza. Na kati ya waliojifunza palikuwa na mama mtu mzima kabisa, mkulima, aliyekuja kuwa ndo anawafundisha wenzie jinsi ya kushika mausi. Hebu fikiria hapo Mhariri, mashine imeletwa na wafadhili sawa, lakini kilichowafanya wanawake wengine waingie ndani ni kumuona mwenzao amekaa pale.

Nyingi za zile nyumba za Ulaya za kwanza zilikufa. Ruzuku iliisha, alafu watu wakanunua kompyuta zao, na kama sababu ya kuja ilikuwa kompyuta tu basi sababu imeisha. Hilo ndo naliogopa kwa hizi za sasa. Leo tunauza intaneti ya kasi, kesho kila nyumba itakuwa nayo, iwe ya nyaya au ya kutoka angani, na sisi tutabaki na ukumbi. Kilichobaki kinachomtoa mtu nyumbani ni watu, na watu hawakusanyiki wenyewe tu kwa sababu kuna viti.

Najua mtasema mbona wakubwa wenyewe wameanguka. Kweli, WeWork, ile kampuni kubwa ya ofisi za kushea, ilianzishwa New York mwaka 2010, mwanzoni mwa 2019 ikathaminiwa dola bilioni 47, mwisho wa 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Watu wakasema bas ofisi za kushea zimekwisha. Hapana bana. Wale walikodi majengo kwa mikataba ya miaka mingi, alafu wakawakodishia watu kwa mwezi mwezi, siku watu wakiondoka kodi ya jengo iko palepale inakutazama. Hiyo ilikuwa hesabu ya kodi ndo iliyokataa, wazo halina kosa. Mji mdogo kwa hilo una nafuu kwa sababu majengo yaliyolala hayakosekani, shule iliyofungwa, kiwanda kilichokufa, ghala, posta ya zamani. Kule Skibbereen, Ireland, mji wa watu hata 3,000 hawafiki, mwaka 2016 walichukua jengo la zamani la familia moja ya pale mjini wakavuta intaneti ya gigabiti moja wakafungua, wakaliita Ludgate kwa heshima ya Percy Ludgate, mzaliwa wa hapo mwaka 1883, ambaye mwaka 1909 alichapisha maelezo ya mashine ya kukokotoa aliyoibuni. Jina tu la jengo linakwambia hapa kwetu pia watu wanafikiri. Baadae nchi nzima ikaunganisha vituo vyake kwenye mtandao mmoja tangu 2021, viko zaidi ya 300 sasa, mtu wa kituo hiki anaweka nafasi kituo kile.

Ila tusijidanganye kwamba hesabu ya mji mdogo ni nyepesi. Mji mkubwa unaweza kuwa na watu mia mbili wenye laptopu wanaolipa kila mwezi. Mji mdogo utapata kumi, labda kumi na tano, na kati yao wanne wanalipa wakikumbuka. Kwahiyo meza peke yake hailipi mshahara wa mtu, haijawahi na haitalipa. Inabidi chumba hichohicho asubuhi kiwe ofisi, mchana wanafunzi, jioni kikao cha kikundi, jumamosi mafunzo ya cherehani au ukarabati wa simu, na printa na skana zifanye kazi siku nzima kwa watu ambao hata laptopu hawana. Na hapo ndo unaona mtu wa mlangoni siyo mlinzi. Anapanga nani anakaa wapi saa ngapi, anapatanisha anayetaka kimya na anayetaka kuimba, anajua nani hajalipa kwa sababu hana na nani hajalipa kwa sababu ni mjanja.

Wafaransa hili wameliona. Wao sehemu hizi wanaziita sehemu za tatu, maana ya kwanza ni nyumbani, ya pili kazini, na wazo hilo ni la Ray Oldenburg, mwanasosholojia wa Marekani. Mwaka 2018 walihesabu kama 1,800 na chini ya nusu ndo zilikuwa nje ya majiji makubwa. Mwaka 2023 zikawa 3,500 na asilimia 62 ziko nje ya yale majiji makubwa, ambayo kwa hesabu yao ni 22. Sasa hela walizotoa serikali yao kwa zile walizozichagua, hadi euro 150,000 kwa miaka 3, nyingi ni hela za kuendesha. KUENDESHA, nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Yani mshahara, yani mtu. Na mwaka 2021 wakatenga fungu jingine la kuajiri watu 4,000 ambao kazi yao ni kukaa na wananchi kuwasaidia mambo ya kompyuta na fomu za mtandaoni, baadhi yao wakakaa humohumo kwenye sehemu za tatu. Huku kwingine bajeti inakuwa na ukarabati, samani, vifaa, uzinduzi, fulana za uzinduzi, na mwisho kabisa kuna mstari umeandikwa uendeshaji: jamii itachangia. Nimewahi kuuona mstari huo kwa macho yangu. Jamii itachangia maana yake dada fulani atafungua bure mpaka achoke.

Kuna jingine la kuiga kwa Wajerumani. Ushirika wao unaitwa CoWorkLand, ulianzia jimbo la kaskazini kabisa Schleswig-Holstein, kabla ya kujenga chochote waliweka meza na intaneti kwenye kontena wakawa wanalihamisha, hapa wiki kadhaa, pale wiki kadhaa, wanaangalia watu wanakuja au hawaji. Wasipokuja unafunga kontena unaondoka, hujamkosea mtu. Mi naona hata kontena siyo lazima, chukua darasa lililolala, meza sita, mtu mmoja umlipe miezi mitatu, uone. Hiyo gharama haifiki hata ya vile viti vya kwenye picha yenu. Na ukishaona nani anakuja ndo utajua ujenge nini, maana pengine wanaokuja siyo wale uliowafikiria, unatengeneza ya vijana wa kompyuta wanakuja wamama wa vikundi vya kukopeshana wanataka tu meza kubwa na mahali pa kufungia vitabu vyao.

Na mkienda Japani kuna Kamiyama, mji wa milimani wa watu kama 5,000, wazee watupu, vijana wameondoka. Mwaka 2010 kampuni moja ya Tokyo, Sansan, ikachukua nyumba ya zamani pale ikaweka ofisi, zikafuata nyingine, na 2013 kiwanda cha zamani cha ushonaji kikageuzwa ofisi ya pamoja. Kila mtu akihadithia anasema siri ni nyaya za intaneti, na kweli mkoa wao ulitandaza nyaya mapema. Lakini mikoa yenye nyaya iko mingi. Pale kulikuwa na kikundi cha wenyeji ambao tangu 1999 walikuwa wanaalika wasanii kuja kukaa, wameshazoea wageni, na nyumba zilizo wazi hawakuzitoa kwa yeyote, walikuwa wanasema hii nyumba tunataka mtu wa kuoka mikate, ile tunataka mbunifu wa tovuti, kama wewe siyo mtu huyo, nyumba ngoja. Ndo safu ya tatu ya daftari la yule dada hiyo, ila imefanywa na mji mzima. Mwaka 2011 walioingia walizidi waliohama kwa mara ya kwanza.

Niseme na mambo madogo ambayo hayapigwi picha, kwa faida ya anayetaka kuanzisha. Ukiuziwa intaneti usiulize kasi ya kushusha tu, uliza ya kupandisha, kwa sababu mtu mmoja kwenye simu ya video yenye picha kali anataka megabiti 3 au 4 kwa sekunde kupandisha, wakiwa kumi pamoja unazidisha mwenyewe, na vifurushi vingi vinashusha kama mafuriko vinapandisha kwa matone. Chumba cha simu ni lazima, hata kiwe kabati. Na tafadhali msipige trei za mayai ukutani, kila mtu anazipiga, zinapunguza mwangwi humo ndani basi, sauti inatoka vilevile, mi nimesikia mtu anagombana na mkewe neno kwa neno kupitia trei za mayai. Blanketi nzito na mpira chini ya mlango vinasaidia zaidi. Umeme wa akiba wa ruta peke yake ni betri ndogo tu, wala hauhitaji jenereta, maana laptopu zina chaji yake, kinachokufa kwanza ni ruta.

Kuna wanaosema hizi sehemu zitaleta watu wa mjini wenye mishahara ya mjini wapandishe kodi za nyumba. Hofu hiyo siyo ya bure, imetokea sehemu za ufukweni zilizojitangaza kwa wageni wa laptopu. Lakini hiyo nayo inategemea umefungua kwa ajili ya nani, na anayeamua hilo kila siku, siyo siku ya uzinduzi tu, ni yule aliyekaa karibu na mlango, anayemwambia mgeni karibu, na hapohapo anamwambia binti wa jirani aliyesimama nje anaona aibu, we nawe ingia, meza ile haina mtu.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Mkirudi kwenye hiyo mada msiende siku ya utepe. Nendeni mwezi wa saba baada ya utepe, siku ya kawaida, saa moja asubuhi, msimame mlangoni muone nani anakuja na funguo, mumuulize analipwa na nani, muandike jibu lake kama lilivyo. Kama hakuna anayekuja, pigeni picha hiyo kufuli.

Yule dada wa nyuma ya karakana bado anafungua. Siku ya mwisho kabla sijahama nilifunua lile daftari nikarudi ukurasa wa kwanza kabisa, nikakuta mstari wa kwanza ni jina lake mwenyewe, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Unafanya nini: kufungua. Unatafuta nini: mshahara. Tarehe ilikuwa ya miaka miwili nyuma.

Ni mimi msomaji wenu,
(jina na anwani nimewaachia ofisini)